Wati Mia Moja

Leo redio imesema, kati ya bei ya viazi na tangazo la msiba,
kwamba mbunge mmoja amesimama Dodoma
anataka kifungu kile kifutwe,
kile kilichozizuia balbu za uzi.
"Mwananchi," alisema, "achague mwenyewe taa ya sebuleni kwake."
Meza zikapigwa.
Ngurumo hiyo niliisikia hadi huku Mafinga
nikiwa nimeshika kifaranga aliyekufa.

Mimi ni mjane wa fundi umeme.
Marehemu Kihwele aliniachia ngazi, bisibisi mbili,
na hesabu:
balbu ya wati mia, saa kumi, uniti moja imekwenda.
Hii nyeupe ya wati tisa, uniti hiyohiyo
inakuvusha siku nne na ushei, usiku na mchana.
Aliiandika kwa mkaa ukutani, juu ya LUKU,
kama wengine wanavyoandika aya.

Kwa hiyo sheria ilipokuja sikulia.
Nilizifungua za zamani moja moja, zingali na moto,
nikazivika magazeti, nikazilaza ndani ya ndoo.
Mwezi ule nilinunua umeme wa elfu tano
nikasahau kununua tena.

Ila nisiwe mwongo.
Taa yangu ya kwanza "ya miaka mitano"
ilianza kupepesa Jumatano ya Majivu,
Pasaka haikuiona.
Ukiirudisha kwa Mgimba anakudai risiti,
ukitoa risiti anakudai boksi.

Na Mgimba huyo, asubuhi hii,
redio haijamaliza sentensi, amefungua ghala la nyuma.
Makatoni. Vumbi la miaka mitatu.
"Kamwene, mama. Uhuru umerudi,"
anakipuliza kioo kama mtu anayepoza uji.
Uhuru wa rahisi dukani,
wa ghali ukutani.

Barabarani linapita lori la nguzo.
Sisi ndio tunaoipa nchi nguzo:
misitu yetu imesimama kando ya njia hadi Kigoma,
imebeba nyaya zisizo zetu,
na mgao ukija tunaambiwa
maji ya Mtera yameshuka.
Nani ameyanywa?
Mengine yamenywewa na uzi mwekundu
katika vyumba visivyo na mtu.

Basi ningenyamaza hapo, upande wa sheria,
nikapika chai.

Lakini njoo bandani kwangu Julai.
Ukungu umekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga,
nyasi zimevaa barafu,
vifaranga themanini na saba
(jana walikuwa tisini na wawili)
wamejibana kona moja chini ya taa nyeupe, safi, yenye akili,
na baridi kama sahani.
Inawaonyesha kila kitu. Haiwapi kitu.
Ile ya uzi, alituambia mtaalamu wa semina,
ilikuwa inapoteza asilimia tisini katika joto.
Ilikuwa inapoteza?
Kwa nani?

Nimeandika barua nyuma ya karatasi ya LUKU:
Mheshimiwa, usifute. Ongeza mstari.
Andika: *isipokuwa bandani*.
Kisha nikakaa na kalamu mdomoni,
maana namjua Mgimba, na majirani nawajua:
mstari huo ukipita leo,
kesho Mafinga nzima ni banda la kuku.

Barua iko chini ya sukari. Haijaenda.

Usiku nimeshuka na ndoo.
Nikavua gazeti, habari za kikombe cha dunia kilichopita,
nikapanda ngazi ya marehemu, ngazi tatu tu,
nikakaza kwa leso.
Ikawaka njano, kizamani, bila haraka,
na wao wakaja, kwanza mmoja, halafu wote,
wakalala huku macho yamefumba nusu.
Ndani kwangu nimeacha ile ya wati tisa.
Inanitosha kusoma ukuta.

Themanini na saba. Nimewahesabu tena.
Mita nayo inahesabu.